Usiudhike Ukiulizwa Mlangoni

Neno letu la leo ni Matendo ya Mitume 9:26-28. Lisome kwanza katika Biblia yako, kisha urudi hapa. Nitaandika kirefu kuliko kawaida, kwa sababu jambo lenyewe limegusa riziki ya mama mmoja na usalama wa watoto wetu, na sitaki tulimalize kwa uvumi.

Tangu Ijumaa nimepokea jumbe nyingi zinazouliza kama ni kweli kwamba mama fulani hapa Makadara, anayelea watoto nyumbani kwake, alinifungia mlango akaniacha nje kama mwizi. Wengine mmeandika kwa uchungu, mkisema amemdharau mtumishi wa Mungu. Nimesikia pia kwamba akina mama wawili wamewatoa watoto wao pale. Basi acheni mimi niliyekuwepo niwaeleze kilichotokea, halafu tukipime kwa Neno.

Wengi wenu mnamjua mama huyu, na asiyemjua anamjua mwingine kama yeye. Ana nyumba ya vyumba viwili katika mmoja wa mitaa yetu ya zamani. Hufungua mlango saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa sababu mama anayefanya kazi kiwandani Industrial Area lazima awe getini mapema, na yule anayeuza nguo Gikomba ameshaondoka kabla yake. Anawalea watoto kumi na wawili akisaidiwa na binti yake mkubwa. Anawapa uji, anawabadilisha nepi, anawalaza mchana, na jioni anawakabidhi mmoja mmoja. Hulipwa kwa siku, na mzazi asipokuwa na pesa anamwandikia deni. Bila wanawake kama hawa, dada zetu wengi kanisani hawangeweza kwenda kazini hata siku moja.

Mbali na daftari la madeni, ana daftari jingine. Humo kila mtoto ana ukurasa wake: jina la mzazi, namba ya simu, na majina ya watu wasiozidi watatu walioruhusiwa kumchukua. Daftari hilo ndilo lililoniweka nje.

Jumatano jioni dada mmoja wa kanisa alizuiliwa kazini kwa ovataimu. Simu yake ilikuwa imezima kwa kukosa chaji, hivyo aliazima ya mwenzake akaniandikia ujumbe, akiniomba nimchukulie mtoto na kumpeleka kwa Mama Mchungaji mpaka atakapotoka. Nilikuwa nimetoka kumwombea mgonjwa Jericho, na nyumba ile ilikuwa njiani. Nikafika saa moja kasorobo jioni.

Mama alinijua vizuri. Nilishawahi kuiombea nyumba hiyo hiyo. Akaja, akasimama nyuma ya grili, akanisalimu kwa heshima: "Bwana asifiwe, Pasta." Nilipomweleza shida yangu akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye ukurasa wa mtoto.

"Pasta, nisamehe. Hapa kuna majina matatu. Mamake, shosho yake na mjomba wake. Lako haliko."

Nikamwonyesha ule ujumbe. Akausoma mara mbili. "Hii namba siijui. Mamake hajawahi kunipigia nayo." Akapiga namba iliyo daftarini, ikawa mteja. Akampigia shosho, naye akasema hana habari yoyote. Akapiga ile namba ngeni, ikalia weee bila kushikwa, maana mwenyewe alikuwa kwenye mashine. "Basi tungoje, Pasta. Kaa hapo kwenye benchi nikuletee chai."

Nilikaa pale dakika arobaini. Chai ilikuja, ikapitishwa katikati ya vyuma. Watu walipita wakaniona, na nadhani hapo ndipo habari ilipopata miguu.

Mwishowe simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mamake mtoto. Hata hivyo mama hakufungua mara moja. Alimuuliza, "Asubuhi uliniachia nini kwenye mfuko wa mtoto?" Dada akajibu: sweta ya bluu, na dawa ya kikohozi, kijiko kimoja baada ya chakula cha mchana. Ndipo mama akaomba kitambulisho changu. Akalinganisha picha na uso, akaandika jina, namba na saa, akanipa kalamu nitie sahihi. Kisha akamwinua mtoto, akamuuliza, "Huyu ni nani?" Mtoto akasema, "Pasta." Grili ikafunguliwa.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Hakuna aliyenidharau. Nilitembea na mtoto yule hadi nyumbani nikimshukuru Mungu kwamba katika mtaa wetu kuna mlango ambao jina la mtu haliufungui peke yake, hata jina la mchungaji.

Sasa turudi kwenye Neno. Sauli amekutana na Yesu kwenye njia ya Dameski. Ameokoka kweli kweli. Anafika Yerusalemu, anataka kujiunga na wanafunzi, na wanafunzi wanamwogopa. Hawaamini kwamba yeye ni mmoja wao. Na walikuwa na sababu, maana huyu ndiye aliyekuwa akiingia nyumba kwa nyumba akiwakokota waumini kwenda gerezani. Ni Barnaba anayemchukua, anampeleka kwa mitume na kueleza jinsi Sauli alivyomwona Bwana njiani, na jinsi alivyohubiri Dameski bila woga. Baada ya hapo Sauli anaingia na kutoka pamoja nao.

Angalia mambo mawili. La kwanza, kanisa la Yerusalemu lilikuwa limejaa Roho Mtakatifu, na bado liliuliza. Kuuliza hakukuwa upungufu wa imani. La pili, tafuta katika sura hiyo mahali Paulo analalamika kwamba alidharauliwa. Hutapata. Mtume ambaye angeandika sehemu kubwa ya Agano Jipya alingoja mpaka mtu anayejulikana amsemee. Na baadaye yeye mwenyewe akawa mtu wa kuwasemea wengine: soma Warumi 16:1-2 uone alivyomtambulisha Fibi kwa kanisa ambalo halikumjua, ili apokewe vizuri. Barua ile ilifanya kazi ambayo daftari la mama yule linafanya.

Kuna ndugu aliyeniandikia akitaja Waebrania 13:2, kwamba tusisahau kuwakaribisha wageni, kwa maana wengine wamewakaribisha malaika bila kujua. Amina, nalihubiri Neno hilo. Lakini nyumba yako ukiwa mwenyewe ni tofauti na nyumba yenye watoto kumi na wawili wa watu wengine. Unapomkaribisha mgeni kwako, unahatarisha kilicho chako, na huo ndio ukarimu. Mama huyu akimfungulia mtu asiyethibitishwa, anahatarisha kisicho chake. Hajapewa ruhusa ya kuwa mkarimu kwa kutumia mtoto wa mwenzake. Kiti, maji, chai, maneno mazuri: hivyo ni vyake, na alinipa vyote. Mtoto hakuwa wake wa kutoa.

Yesu mwenyewe katika Yohana 10 anataja zizi lenye mlango, na mlangoni kuna bawabu anayemfungulia mchungaji. Tunapenda kuhubiri kuhusu mchungaji na kondoo, tunamruka bawabu. Lakini yupo, na kazi yake ni kujua nani anastahili kuingia. Katika 1 Mambo ya Nyakati 9 mabawabu wa nyumba ya Mungu wameandikwa kwa koo zao na zamu zao, na imesemwa waziwazi kwamba ni kazi ya kuaminiwa. Mama anayelea watoto Makadara ni bawabu. Tumheshimu kama bawabu.

Pengine mtu atasema, "Lakini Pasta, wewe unajulikana." Wapendwa, hapo ndipo penye hatari. Hatari haiji kila mara na sura ya kuogofya. Huja na jina la kuaminika: kocha, mwalimu, daktari, mjomba, pasta.

Sisi wa Makadara hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Julai 2021 polisi walimkamata kijana wa miaka 20 aitwaye Masten Wanjala kuhusiana na kupotea kwa watoto hapa Nairobi. Polisi walisema alikiri kuwaua zaidi ya watoto kumi. Iliripotiwa kwamba alikuwa akijifanya kocha wa kandanda ili watoto wamfuate. Tarehe 13 Oktoba mwaka huo akatoroka kutoka seli za kituo cha polisi cha Jogoo Road, kituo hiki hiki tunachokipita tukienda mjini. Askari waliokuwa zamu walifikishwa mahakamani. Siku mbili baadaye umati ulimuua kule Bungoma, nyumbani kwao, na kesi ikaishia hapo. Wazazi hawakupata kusikia ukweli wote ukisemwa mbele ya hakimu. Hasira ya umati haikumrudisha mtoto hata mmoja. Ambacho kingeweza kusaidia ni swali lililoulizwa mapema: huyu kocha ni wa timu gani, nani anamjua, na mzazi amekubali?

Novemba 2020 uchunguzi wa BBC Africa Eye ulionyesha jinsi watoto wachanga wanavyoibwa na kuuzwa katika jiji letu. Mwaka wa 2023 mfanyakazi wa hospitali ya umma aliyenaswa katika uchunguzi huo alihukumiwa kifungo. Naye alikuwa mtu wa kuaminiwa, mwenye cheo na ofisi.

Kwa hivyo anayesema "mimi ni mtumishi" hajathibitisha lolote bado. Suti, kola na Biblia kwapani vinauzwa dukani. Yesu alituonya katika Mathayo 7:15 juu ya mbwa mwitu waliovaa ngozi ya kondoo. Kama mbwa mwitu anaweza kuvaa ngozi ya kondoo, atashindwaje kuvaa ya mchungaji? Mchungaji wa kweli ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kukubali kuulizwa, ili yule wa uongo asipate pa kupitia.

Lakini nataka pia tuseme ukweli kuhusu kwa nini swali hili linatuuma. Babu zetu walioletwa kufanya kazi ya reli na ya mji, walioishi Makongeni na Kaloleni, walijua maana ya kuulizwa "Kipande kiko wapi?" Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria hiyo mwaka wa 1915, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaanza kuitekeleza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alibeba karatasi yenye alama za vidole vyake ndani ya kibweta cha chuma kilichoning'inia shingoni. Asiyekuwa nacho alikamatwa. Mpaka leo kitambulisho tunakiita kipande, na kijana wa Eastlands akisimamishwa usiku na kuombwa kipande, moyo wake unajua hilo swali lilitoka wapi.

Na tuliokuwa Kenya mwanzoni mwa 2008 tunakumbuka vizuizi barabarani, ambapo jina kwenye kitambulisho lilitosha kuamua kama mtu atapita. Biblia nayo haifichi jambo kama hilo. Katika Waamuzi 12, kwenye vivuko vya Yordani, watu waliambiwa watamke neno moja, na aliyelitamka kwa lafudhi ya kwao aliuawa. Swali la "wewe ni nani" limewahi kutumika vibaya sana.

Ndiyo maana lazima tupambanue. Pale Yordani, na kwenye vizuizi vya 2008, mwenye nguvu alimuuliza mnyonge ili amdhuru. Kwenye grili ya mama yule, mnyonge ndiye anayelindwa. Mtoto wa miaka miwili hawezi kusema "simjui huyu." Hawezi kupiga simu. Mama anauliza kwa niaba yake, na anamuuliza mtu mzima mwenye nguvu kuliko wote wawili. Ukiona swali hilo linakuumiza heshima yako, kumbuka linamlinda nani.

Na nyinyi mnaolea watoto, hilo linawapa wajibu. Muulizeni kila mtu maswali yale yale. Usimfungulie haraka mwenye jina la kwenu na kumchelewesha mwenye jina la kwingine. Usimsumbue maskini na kumpisha mwenye gari. Kama pasta amekaa kwenye benchi, na tajiri akae. Ukibagua, umeacha kuwa bawabu.

Jambo jingine linatoka Mwanzo 27, nami naliona kila nikisoma habari za utapeli. Isaka hakuwa mzembe. Macho yake yamefifia, mgeni ameingia, naye anamuuliza yeye ni nani. Anamuuliza amepataje mawindo haraka hivyo. Anampapasa. Anatilia shaka sauti. Anauliza tena kama kweli yeye ni Esau. Ananusa nguo. Na bado akadanganywa. Kwa nini? Kwa sababu kila ushahidi aliouchunguza ulikuwa umeletwa na mgeni mwenyewe. Ngozi za mbuzi mikononi, nguo za Esau mwilini, chakula mezani, vyote Yakobo aliingia navyo. Isaka hakumwita mtu mwingine hata mmoja amuulize.

Mama wa daftari amelielewa somo hilo pengine bila kusoma kozi yoyote. Ujumbe nilikuja nao mimi. Namba ngeni nilikuja nayo mimi. Kitambulisho nilikuja nacho mimi. Kwa hivyo aliviweka pembeni kwanza, akatafuta kitu ambacho singeweza kuingia nacho: namba iliyoandikwa na mzazi siku ya kwanza, na sweta ya bluu ambayo mamake peke yake alijua iko kwenye mfuko.

Baada ya kuzungumza naye na walezi wengine wawili wa ushirika wetu, nimeandika hapa utaratibu ambao naomba kila nyumba ya kulelea watoto iliyo na mtoto wa kanisa hili iufuate.

Moja. Kila mtoto awe na ukurasa wake. Mzazi aje mwenyewe na kitambulisho chake, ataje watu wasiozidi watatu wa kumchukua mtoto, na kila mmoja wao aje aonekane uso kabla ya siku ya kwanza ya kuchukua.

Mbili. Akija mtu asiyeandikwa, mpigie mzazi kwa namba iliyo daftarini, wala si kwa namba anayokupa mgeni. Mzazi akipiga kwa simu ya kuazima, muulize jambo la siku hiyo ambalo yeye peke yake analijua. Neno la siri ni zuri, ila libadilishwe mara kwa mara, maana watoto hulisikia na kulitamka.

Tatu. Kitambulisho kiwe chenyewe. Picha iliyo ndani ya simu haitoshi. Linganisha uso. Andika jina, namba, saa ya kuingia na ya kutoka, na sahihi.

Nne. Fundi wa stima au wa maji, na anayesema ametoka ofisi ya kaunti, naye aonyeshe kadi ya kazi. Piga ofisi yenyewe uulize, kwa namba uliyoitafuta wewe. Fundi aje watoto wakiwa wameondoka ikiwezekana, na ikishindikana asibaki peke yake na mtoto hata dakika moja. Aliyekuja kwa wema hataona vibaya.

Tano. Usimkabidhi mtoto kwa mtu mlevi, hata kama ni babake na ameandikwa daftarini. Usimkabidhi kwa mtoto mwenzake. Wazazi wakiwa wamekosana, usijifanye hakimu mlangoni. Kama kuna amri ya mahakama, nakala ikae kwenye ukurasa wa mtoto. Vurugu ikizuka, funga grili, mwite msimamizi wa ploti, kisha chifu au polisi. Namba 116 ya kuwasaidia watoto ni ya bure, na inapokelewa usiku na mchana.

Sita. Linda daftari lenyewe. Lina majina na namba za watu. Lifungie kabatini, usiliache juu ya meza. Usipige picha kitambulisho cha mtu na kukirusha kwenye kundi la WhatsApp. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na haichezi na habari za watoto: Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hata picha ya watoto wakinywa uji, usiiweke kwenye ukurasa wako bila kuuliza.

Saba. Usitosheke na kumjua mtu. Wanaoshughulika na watoto walioumizwa hutuambia kwamba mara nyingi aliyewaumiza ni mtu waliyemfahamu. Kwa hivyo utaratibu huu ni wa jirani, binamu, mzee wa kanisa, na mimi.

Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 53, inasema kila mtoto ana haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma na kutelekezwa, na kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Maslahi ya mtoto yakitangulia, haraka ya mtu mzima inafuata nyuma. Hadhi ya mtu mzima pia inafuata nyuma.

Shule yetu ya Jumapili hufuata njia hiyo hiyo. Mtoto anatoka na aliyemleta, au na aliyeandikwa. Walimu wote huleta cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi kabla ya kupewa darasa. Mwalimu akikuzuia mlangoni, usimwambie "kwani hunijui?" Anakujua. Anakuzuia hata hivyo.

Sasa nina neno kwa wale mama wawili. Sijui majina yenu na sijayauliza. Najua mlifanya hivyo kwa kuniheshimu, na nawashukuru kwa moyo huo. Lakini fikirini kidogo. Mmemtoa mtoto kwenye nyumba ambayo haikumfungulia hata mchungaji bila idhini ya mzazi. Mnampeleka wapi? Kwenye nyumba inayofungua kila ikibishwa hodi? Rudini kwa mama huyo. Kama kuna deni kwenye daftari lile jingine, lipeni. Kwake watoto wawili ni unga wa wiki na sehemu ya kodi ya nyumba, na asiadhibiwe kwa kufanya kazi yake vizuri.

Na sisi wengine tuliobaki, tumsaidie. Simu zote alizopiga jioni ile zilitoka kwenye kredo yake, na ilipoisha alikopa. Wazazi wa kila nyumba ya kulelea watoto changeni shilingi chache kila wiki za kredo ya mlango. Anayejua kuchora mistari amtengenezee daftari zuri. Fundi wa kuchomelea aliye kanisani, kuna nyumba tatu ninazozijua ambazo grili zake hazifungi vizuri. Nipigie, nikuelekeze.

Baba, nawe nisikilize. Mara nyingi sauti inayopazwa kwenye milango hii jioni ni yetu sisi wanaume. "Huyu ni mtoto wangu, fungua!" Kama jina lako haliko kwenye ukurasa, kosa si la mama wa watu. Nenda mchana, na kitambulisho chako na mamake mtoto, muandikwe. Ukishaandikwa, toa kitambulisho kabla hujaombwa. Mwanao anakutazama kutoka ndani, na anajifunza kwamba mtu mwema hujitambulisha kwa upole.

Mzazi unayesoma haya usiku huu, chukua simu yako sasa. Mwandikie mlezi wa mwanao majina matatu. Mwambie kesho utapita mapema umsomee kwa mdomo, na uthibitishe kwamba namba yako iliyo kwake bado inafanya kazi. Kazi hiyo haimalizi dakika kumi.

Tuombe. Baba Mungu, wewe uliyempa kila mtoto jina kabla hatujamjua, tunawaweka mikononi mwako wadogo wa Makadara, kuanzia Maringo na Hamza hadi Harambee, Makongeni na Viwandani. Wabariki mama wanaowalea. Wape macho ya kuona, masikio ya kutambua sauti, na ujasiri wa kusema "ngoja kwanza" mbele ya mtu mkubwa. Wape uvumilivu wanaosubiri nje. Uzuie kila mwenye nia mbaya aliyejificha nyuma ya jina zuri. Wafariji wazazi ambao watoto wao hawakurudi nyumbani, na usituache tuwasahau. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama umeguswa, andika Amina, kisha umtumie ujumbe huu mzazi mmoja na mlezi mmoja. Jumapili baada ya ibada ya pili tutakutana na walezi wote wa nyumbani kwenye ukumbi mdogo. Njooni na madaftari yenu. Na ndiyo, mlangoni mtaulizwa majina.